Kuku wa Kuzungushwa

Kuku wa tatu alikataa kufungwa miguu. Kiama alimbana kati ya magoti kama mtoto anayenyolewa kwa nguvu, akapitisha uzi wa gunia, akavuta, na uzi ukakatika.

"Aki wewe," akamwambia kuku. "Umeshakufa na bado unanisumbua."

Mkewe Wamboi alikuwa mlangoni akiponda kitunguu saumu na tangawizi. Hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka jirani aulize kuna nini.

Kuku watano walitakiwa wafike Thika, kwenye kantini ya kiwanda kimoja kule eneo la viwanda, kabla king'ora cha lanchi hakijalia. Mwenye kantini, Madam Carolyne, alikuwa amepiga simu jana bila hata salamu. "Watano, Kiama. Mkurugenzi ana wageni, meza tano, kila meza kuku mzima. Ukileta wanne, usishuke hata kwa boda, geuza tu. Lakini wakikuwa poa, nitakuwa nachukua kila Ijumaa."

Kila Ijumaa. Tangu kiwanda cha nyuzi kimwambie Kiama aende nyumbani apumzike kidogo, na hicho kidogo kikaingia mwaka wa pili, mtu pekee aliyemwambia neno "kila" alikuwa landilodi.

Mtambo wake ulikaa uani, katikati ya ploti, chini ya kamba za nguo. Ulikuwa pipa lililopasuliwa kwa urefu, na juu yake fimbo ya chuma aliyochomelewa na mzee Gurbachan wa karakana ya Thika. Fimbo ilizungushwa na mota ya wipa iliyong'olewa kwenye gari lililokufa, na mota ikapata nguvu kutoka kwa betri ya gari hilohilo. Gari lote lilikuwa limeenda mbinguni, hivyo viwili vikabaki Ruiru kuchoma kuku.

"Kitu ni balansi," Gurbachan alikuwa amemwonya. "Kuku moja ikilegea, yote itaruka-ruka. Na usiweke makaa chini yake, weka kando. Chini weka karai ya mafuta. Na isisimame, Kiama. Ikisimama tu, umechoma upande moja na ingine ni mbichi."

Kiama aliyashika hayo yote. Kilichomshinda ni jina. Kwenye supamaketi kuku wa namna hii ana jina la Kizungu refu, la kuuma ulimi, na huwezi kuliandika kwa brashi ya rangi ya geti. Kwa hivyo akaandika tu kile kuku anachofanyiwa. Kibao kikaning'inia getini: HAPA KUNA KUKU WA KUZUNGUSHWA.

Sasa, wiki hiyohiyo yeye mwenyewe alikuwa anazungushwa. Ofisi ya vibali ilikuwa na madirisha matatu. La kwanza lilimwambia alete barua ya afya. La pili, la afya, likamwambia haliwezi kukagua biashara isiyo na kibali, kwa hivyo alete kibali. La tatu lilikuwa na mama mmoja anayekula njugu, ambaye hakuinua hata macho. "Sistim iko daun. Njoo kesho. Na ubebe kopi mbili za kitambulisho." Kiama alienda kesho, akaenda na kesho ya hiyo kesho. Alikuwa na kopi za kitambulisho za kutosha kufungia mandazi.

Naapa yeye hakuunganisha mambo hayo mawili. Aliyeunganisha ni Eddie wa chumba cha mwisho, mwanafunzi wa chuo, mtu asiyeweza kuona kitu bila kukipiga picha.

Kuku watano walipanda fimbo, wamefungwa mbawa na miguu, wamepakwa mafuta, pilipili na ndimu. Kiama aliunganisha waya. Mota ikakohoa, ikazunguka. Kuku wakaanza safari yao taratibu, migongo juu, vifua juu, migongo juu. Ngozi ilikuwa ndiyo imeanza kushika rangi wakati geti lilipogongwa kwa mguu.

Aliingia mwanamume wa koti la kijani, beji ya ofisi ya vibali shingoni, viatu vilivyong'arishwa kuliko ploti nzima. Nyuma yake alikuja askari wa kanjo, wale wa kaunti, aliyebeba kile kibao kwapani.

"Mwenye hii ni nani?"

"Ni mimi, afisa. Karibu."

"Nani anazungushwa hapa?"

Kiama alitazama kuku, akamtazama afisa. Lilikuwa swali rahisi mno mpaka likamtisha.

"Ni kuku, afisa."

Afisa alitoa simu na kumsukumia usoni. Ilikuwa picha ya kibao, na chini yake mtu ameandika: *Ruiru hata kuku anazungushwa. Amefika dirisha la tatu, anangoja saini.* Ilikuwa imezunguka kila grupu la WhatsApp hadi Kahawa Wendani, na kutoka huko ikarudi hadi kwa bosi wa afisa.

Ploti nzima iligeuka kumtazama Eddie. Eddie akayatazama mawingu kama mkulima.

"Mnatuchezea," afisa alisema. "Kibali iko wapi?"

"Niliomba, afisa. Dirisha la pili wakasema..."

"Sijakuuliza madirisha. Kibali!"

"Nina kopi za kitambulisho."

"Ati kopi?" Afisa alimgeukia askari. "Chukua hiyo mashine."

Askari akang'oa waya. Mota ikanyamaza, na kuku wakasimama vifua chini. Kiama alisikia mafuta yakikusanyika upande mmoja, chwaa, chwaa, na mwali ukaruka kutoka kwenye makaa kuwatafuta.

"Afisa, tafadhali, zisisimame! Nachomea watu chakula!"

"Utakuja kuichukua ofisini."

"Dirisha gani?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua kabisa. Lakini mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alicheka puani, na masikio ya afisa yakawa mekundu. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Sikia, mzee. Napita hapa kabla ya lanchi. Nikipata kuku moja imefungwa vizuri, na haijachomeka, mashine yako inarudi jioni. Tumeelewana?"

Askari akafungua mota, wakaondoka nayo pamoja na kibao.

"Baba Trizah!" Wamboi alipiga kelele. "Kuku!"

Kiama alirukia fimbo kwa mkono mtupu, akaiachia akilia, akachota kitambaa kwenye maji, akashika tena. Wamboi alileta koleo la kubana chuma. Wakaibana ncha ya fimbo, na Kiama akaanza kuzungusha. Kuku mmoja alikuwa na doa jeusi kifuani, la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Hiyo nitaikwangua na kuipaka ndimu," Wamboi alisema. "Wewe zungusha tu."

Alizungusha. Moshi uliingia machoni, jasho likaingia humohumo. Akienda haraka, mafuta yaliruka; akienda polepole, mwali uliinuka. Na kichwani, nako, kulikuwa kunazunguka. Akimpa afisa mmoja, Thika watafika wanne, na Ijumaa zote zimekufa. Asipompa, mota imekwenda. Alijaribu kutafuta njia ya tatu akakumbuka dirisha la tatu.

Eddie alisogea, mikono mfukoni. "Baba Trizah, leta nikusaidie."

"Wewe toka hapa na simu yako."

"Nimeiacha kwa nyumba."

Wamboi alimtazama mumewe. Akamwonyesha kwa kidevu asogee. Kiama akasogea kando. Eddie akashika, akazungusha, akakohoa, lakini hakuachia. Kisha mama wa nguo akaacha beseni, akachukua zamu yake. "Kuku ya kuzungushwa kweli," alisema. "Imezungushwa na ploti mzima."

Kiama aliwadunga kuku mapaja kwa spoku ya baiskeli. Maji yalitoka meupe, hayana damu. Wote watano. Wakawafungia kwa foili, wakawapanga kwenye kreti ya mikate, na mtu wa boda akaanza kufunga kreti kwa mpira huku akiangalia saa ya simu na kusonya.

Hapo ndipo geti lilipofunguliwa tena. Safari hii afisa alikuwa peke yake, ametabasamu, na mkononi ana mfuko mtupu.

"Naona zimeiva."

Boda alimtazama Kiama. Wamboi alimtazama Kiama. Harufu ya kitunguu saumu ilikuwa imejaa ua mzima na kuvuka ukuta. Kiama alifungua mdomo akikusudia kuomba, kusema afisa tafadhali, nionee huruma, nina mtoto wa shule. Maneno yaliyotoka hayakuwa hayo. Yalitoka yenyewe, kwa sauti bapa ya mama wa njugu.

"Sistim iko daun, afisa. Njoo kesho."

Afisa akashusha mfuko.

"Umesema nini?"

Mtu akishaanza dirisha lazima alimalize.

"Na ubebe kopi mbili za kitambulisho."

"Ondoa pikipiki!" Wamboi alimfokea boda. Pikipiki ikaguruma, ikapita kando ya afisa ikiwa na kuku wote watano, ikatokomea kuelekea Thika.

Afisa alikunja mfuko wake polepole, mara nyingi kuliko mfuko ule ulivyohitaji. "Kesho," alisema. "Sawa. Nitakuja. Na sitakuja peke yangu."

Kati ya ahadi zote Kiama alizowahi kupewa na ofisi ile, hiyo ndiyo ya kwanza aliyoiamini.

Simu yake iliita wakati king'ora cha lanchi kilikuwa kimeshalia kitambo. Ilikuwa Madam Carolyne. "Moja iko na doa," alisema, "lakini wamekula mpaka mifupa. Ijumaa ingine?"

Kiama aliangalia pipa, waya uliong'olewa, na geti lisilo na kibao.

"Ndiyo, Madam. Ijumaa."

Alikata simu akaketi kwenye ndoo. Wamboi akamsogelea na mafuta ya kupaka kiganja kilichoungua, akakishika, akakiachia.

"Baba Trizah, kwani unafanya nini? Tulia."

Hakuwa amejua. Fimbo ilikuwa tupu, makaa yamezimwa, lakini mkono wake ulikuwa bado unazungusha.