Kidaftari cha Opereta

Opereta hakuwa na ugomvi wowote na mwanawe wa kwanza mpaka siku alipomsikia akiwaambia wadogo zake, sebuleni mwake mwenyewe, juu ya kochi lake mwenyewe, kwamba mama amezeeka na nyumba hii imemshinda. Yeye alikuwa jikoni akisuuza vikombe, na watoto walidhani maji ya bomba yanawafichia siri. Walisahau kwamba mama yao alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye kiti cha opereta wa simu, sikio moja likiunganisha watu na la pili likisikiliza mengineyo. Jina alilipata huko, na mpaka leo mtaani hakuna anayemwita vingine.

Hoja ya Meneja ilikuwa fupi. Nasema Meneja kwa sababu huyo mtoto wa kwanza alikuwa meneja wa tawi la bima, na hata akija nyumbani kwao alikohoa kimeneja. Alisema mama ameshakosa miadi ya kliniki ya macho mara mbili, na anayemsahau daktari leo, kesho atasahau jiko. Kwa hiyo ahamie kwake, kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama tangi la maji, na nyumba hii ifungwe.

Ukweli ni kwamba mara ya kwanza Opereta alisahau kweli. Mara ya pili alijitia kusahau, kwa sababu yule daktari alizoea kumwita "bibi yangu" na kumsemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba macho mabovu huziba masikio. Lakini hayo amweleze nani? Akaingia sebuleni na sinia la chai, akawasikiliza wakiyarudia yote kwa maneno ya adabu, halafu akaomba mwezi mmoja. Siku hizi, alisema, kuna vidaftari vya umeme vya kushika mkononi, unaweka humo miadi na namba za watu, na saa ikifika vinalia. Atanunua kimoja. Akikosa miadi hata moja ndani ya mwezi huo, atafunga virago mwenyewe bila kusukumwa. Asipokosa, asisikie tena habari ya chumba cha nyuma. Meneja alikubali haraka mno. Moyoni alishaanza kupanga kitanda kitakaa upande gani.

Jumatatu binti wa kati, mfamasia, alimsindikiza dukani. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye tai fupi na maneno marefu. Aliwapangia vidaftari vitatu juu ya kioo cha meza na kuanza kuvisifia kama mtu anayeozesha mabinti zake. Cha kwanza chembamba, kioo chake cha rangi, unakiandikia kwa kalamu ya plastiki. Cha pili kina kifuniko cha ngozi na kinalia kwa sauti ya ndege. Cha tatu kilikuwa kinene, cha kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Hicho hakukisifia. Alikiweka tu kwa sababu meza ilikuwa na nafasi.

Mfamasia alikwisha kuchagua cha kwanza, kwa ajili ya herufi zake kubwa. Opereta alivigeuza vyote vitatu, akavipima uzito kiganjani, akauliza swali moja tu.

"Siku ikipita na jambo halikufanyika, chenyewe kinafanyaje?"

Muuzaji alitabasamu. Cha kwanza hulifuta chenyewe ikifika usiku wa manane, mteja asubuhi akute ukurasa safi. Cha pili hulisogeza kesho yake, polepole, bila kumkera mtu. Akafikia cha tatu, na hapo sauti ikamshuka. Hicho, alikiri, kina ila moja. Hakifuti wala hakisogezi. Kinaweka nyota pembeni ya jambo hilo, na nyota haitoki mpaka jambo litimie, mwenyewe ubonyeze kwamba limetimia. Wateja wawili wameshakirudisha. Hakuna anayependa kuamka asubuhi akakuta makosa yake yanamkodolea macho.

"Nifungie hicho," alisema Opereta.

Binti alilalamika kwamba ni kizito, tena kibaya, na herufi zake zitammaliza macho yaliyobaki. Mama akamjibu kwamba amekuja kununua kidaftari, hakuja kununua hereni. Muuzaji alikifunga upesi kabla mteja hajarudiwa na akili.

Ndani ya mwezi ule Opereta alikuwa na miadi tisa. Macho, meno, shinikizo la damu, fundi wa paa, mkutano wa wastaafu wa simu, na mengine ya namna hiyo. Kote alitangulia kufika. Yule daktari wa macho alimwita ndani dakika hamsini baada ya saa waliyopatana, akamkuta ameinua kidaftari chake usawa wa pua ya daktari, anamwonyesha tu saa. Tangu siku hiyo "bibi yangu" ilikoma, na daktari akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi ya kidaftari. Nusu ya pili watoto hawakuijua, japo waliiandika wao wenyewe kwa vinywa vyao.

Alianza kitinda mimba, fundi wa lifti, ambaye hupiga simu akiwa juu ya ghorofa fulani na humaliza kila mazungumzo kwa maneno yale yale: haya mama, nitapita Jumamosi. Miaka yote maneno hayo yalikuwa namna ya kukata simu. Safari hii Opereta alikivuta kidaftari.

"Saa ngapi?"

Fundi alikwama kama lifti iliyokatikiwa umeme. Mwishowe akasema saa nne hivi. Mama akataka kujua kama ni nne kamili au nne na nusu, akabonyeza, akamshukuru. Jumamosi saa nne kamili kidaftari kililia. Opereta alikuwa ameshatoa kiti barazani na kubandika chai. Alikaa mpaka saa saba. Kisha akarudisha kiti ndani, na nyota ya kwanza ikaota.

Hakumgombeza mtu. Binti akisema nitakupigia kesho, aliulizwa asubuhi au jioni, ikaandikwa. Meneja akisema wiki hii lazima nije tukae tuongee, aliulizwa siku gani, ikaandikwa. Jirani mmoja, aliyezoea kuahidi kila anapopita kwamba atakuja wakae, alikiona kile kidude kikitoka mfukoni, akaghairi katikati ya sentensi na kusema kwaheri tu.

Mwezi ulipotimia, Meneja aliitisha kikao cha familia, Jumapili saa kumi. Wadogo zake walifika kwa wakati. Yeye mwenyewe aliingia saa kumi na moja kasorobo akilaumu barabara, akaketi, akakohoa, akauliza mama amekosa miadi mingapi.

"Sikukosa hata moja."

Hakuridhika. Kazini kwake hakuna anayelipwa bila karatasi kukaguliwa. Akaomba akione kidaftari, na mama alimpa kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu ambao ungepaswa kumshtua. Aliihesabu miadi tisa, yote imetimia. Akaendelea kubonyeza kwenda chini, akitafuta kasoro, na kasoro akazipata.

"Hizi nyota ni za nini?"

"Hebu soma kwa sauti, mwanangu. Miwani yangu siioni." Miwani ilikuwa kichwani mwake.

Akasoma. Jumamosi saa nne, fundi lifti kupita. Jumanne saa mbili usiku, binti kupiga simu. Jumamosi, fundi lifti tena. Hapo dada mtu alicheka, na Meneja naye akamtania mdogo wake kwamba amekamatwa peupe. Halafu akafika kwenye mstari wa jina lake, na uliofuata, na uliofuata. Sauti ilizidi kupungua mpaka ikawa midomo tu. Nyota zilikuwa ishirini na sita. Kumi na moja zilikuwa zake.

Alianza kueleza habari za kazi. Mama alimwacha aeleze, kwa sababu ilikuwa kweli, kazi anayo. Alipokwisha, Opereta alisema kwa upole, na safari hii hakuwa na utani wowote:

"Nyinyi mnadhani nimechoka kukaa peke yangu. Sijachoka. Nimechoka kukaa tayari."

Fundi wa lifti aliinamia viatu vyake. Binti machozi yalimlenga, na Meneja, aliyekuja na hotuba nzima kichwani, alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Angependa aitwe mtoto mbaya, angalau angepata cha kubishania. Akasema chumba cha nyuma kimekwisha habari yake, mama atakaa nyumbani kwake mwenyewe apendavyo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo huko ofisini haijawahi kusikika, afanyeje ili zile nyota zake zitoke.

Mama akamwambia haziombewi msamaha, zinatoka mtu akija. Meneja alitamka haraka kwamba atakuja Jumatano. Opereta akachukua kidaftari, akakisogeza karibu, akabonyeza kwenda mbele, akarudi nyuma, akakunja uso na kutikisa kichwa.

"Jumatano nimebanwa. Wiki karibu yote imejaa. Labda Alhamisi saa moja kasorobo asubuhi, nikikuchomeka katikati."

Meneja, mtu ambaye huwasubirisha watu siku nzima kwenye benchi la ofisi yake, alishukuru na kuandika saa hiyo kwenye kiganja chake kwa kalamu. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, na kutoka pale alikiona kioo chote cha kidaftari. Kuanzia Jumatatu hadi Jumapili hakikuwa na neno hata moja. Akauma midomo, akaenda kuchemsha chai nyingine.