Kabati la Makoti

Ofisi ya Chiriku ilikuwa kabati la nguo la baba yake. Aliingia humo kila asubuhi na kigoda, maikrofoni na chupa ya maji, akavuta mlango, akakaa katikati ya makoti ya kiwandani ambayo mzee alikataa katakata kuyatupa alipostaafu. Makoti yale mazito ya buluu yalimeza mwangwi wote. Humo alisoma kwa sauti chochote ambacho wateja wa mtandaoni walimtumia: masomo ya kilimo, hadithi za watoto, maelekezo ya kusafisha pampu ya maji, na mara moja sheria za maegesho ya magari, ambazo alizisoma kwa hisia mpaka mteja akamwomba apunguze. Joto la mle ndani lilikuwa halisemeki. Alitoka amelowa chapachapa, kazi imekwisha.

Jina la Chiriku alilipata utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na sasa mdomo huohuo ndio uliomlisha. Ulimlisha kwa mwendo wake, lakini. Kuna mwezi kazi zilimiminika hadi akakosa nafasi ya kuchana nywele. Kuna mwezi alikaa akiitazama simu, nayo ikimtazama. Mteja mmoja alipokea kitabu kizima kisha akaingia mitini. Likizo hakuwa nayo, maana hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumpa, na siku alipoumwa mafua, kazi nayo iliumwa.

Hayo aliyavumilia. Lililomkera lilikuwa swali moja tu. Kila asubuhi baba yake aliketi sebuleni amevaa nadhifu, shati amelichomekea utadhani kiwanda bado kinamngoja, naye alimwuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai:

"Leo huendi popote?"

"Siendi, Baba. Nina kazi."

"Haya."

Basi, yakaishia hapo. Lakini ile "haya" ilimkaa Chiriku kooni kutwa nzima. Mzee alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana wake hadi mvi zilipomwota. Chiriku alijua kwamba kwa mtu wa namna hiyo kazi ni kitu unachokifuata nje, chenye king'ora, chenye mlinzi wa geti anayekuita kwa jina. Binti anayejifungia kabatini akazungumza peke yake, hata atundike taulo jekundu kwenye kitasa cha mlango wa nje kuwaonya watu wasipige kelele, huyo bado hajapata kazi, anatafuta. Ndivyo alivyoamini, na aliamini kwa uchungu.

Ndiyo maana ujumbe wa mkurugenzi ulipoingia, moyo ulimruka. Mkurugenzi huyo, mwanamke asiye na maneno mengi, aliongoza kampuni iliyorekodi vitabu. Chiriku alikuwa amemtumia sampuli, sura ya kwanza ya hadithi ya mpishi mmoja aliyegombana na jogoo wake, akitarajia kupewa kitabu kimoja cha kusoma. Kumbe mkurugenzi alimtaka mwenyewe, mzimamzima: ajira ya kudumu, mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu, likizo, na meza yake. Aje kwanza ajaribu studio yao, kisha Ijumaa atoe jibu.

Alipomwambia baba yake, mzee aliweka kikombe chini.

"Ya kudumu?"

"Ya kudumu, Baba."

Mzee akaenda chumbani. Chiriku alimsikia akipekua chini ya kitanda, kisha akamwona anarudi na kopo la dawa ya viatu na brashi. Akavichukua viatu vya binti yake, akapiga magoti sakafuni, akaanza kusugua.

"Usije ukaenda kwa watu na vumbi la kabati," akasema.

Chiriku alicheka huku machozi yakimlenga. Kazi zote alizojitafutia mwenyewe hazikuwahi kumwinua mzee kwenye kiti chake. Neno moja tu, kudumu, limempigisha magoti. Alifurahi kwa ajili yake, na papo hapo akaona wivu juu ya neno lile.

Huko kwenye kampuni alipokelewa vizuri kuliko alivyotegemea. Fundi wa sauti alikuwa bwana mchangamfu aliyevaa ndara ofisini ili asisikike akitembea. Saa ya chai watu waliacha kazi wakakaa pamoja, wakalalamikia joto, wakamsema mwenzao mmoja aliyependa kuficha sukari, na Chiriku akavunjika mbavu. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo tamu kulalamika na mtu mwingine. Walimwonyesha meza yake, karibu na dirisha, na juu yake tayari palikuwa na kikombe kipya. Kikombe kile kilimgusa.

Kisha akaingizwa studio, akapewa sura ileile ya mpishi na jogoo. Ukimya wa mle ndani ulikuwa wa kitaalamu, hata mate alisikia akiyameza. Alisoma bila kukosea neno. Alipomaliza, mkurugenzi aligongagonga kalamu mezani.

"Umesoma vizuri sana," akasema. "Lakini umesoma kwa adabu."

"Kwa adabu?"

"Kama mgeni anayekaribishwa chakula akasema ameshiba. Kwenye sampuli ulikuwa unamsimulia mtu. Hapa unasoma tu."

"Ni huu ukimya," fundi wa sauti akamtetea. "Hata mimi mwanzoni nilikuwa nausikia moyo wangu mwenyewe. Atazoea, dada."

"Atazoea," mkurugenzi akakubali. "Nafasi iko palepale. Ila tutumie ile rekodi ya awali ya sampuli, ya kabla hujaikata. Fundi aone maikrofoni uliiweka vipi."

Chiriku alirudi nyumbani jua lingali kali. Mzee hakuwepo, alikuwa kwa wenzake wa karata. Akafungua kompyuta, akaitafuta ile rekodi ambayo haijakatwa.

Hapa yafaa tuseme jinsi alivyofanya kazi. Watu wengi wanaorekodi peke yao hukata makelele kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ya Chiriku ilijipanga kama vilima, na kati ya aya na aya palichomoza vichuguu vidogo: mlango, gari, jirani. Chiriku alivijua kwa sura zake, akavifuta vyote bila kuvisikiliza, upesiupesi, kama mtu anayechambua mchele. Ni vichuguu vingapi alikuwa amevitupa hivyo, hajui. Sasa, kwa kuwa rekodi ilikuwa inakwenda kwa watu, akaona avae vipokea sauti masikioni, ahakikishe hamna jambo la aibu.

Aya ya kwanza ikaisha. Kichuguu cha kwanza kilikuwa geti likifunguliwa, kisha sauti ya jirani yao, mama mmoja mwenye koo la tarumbeta, ikaanza kubisha hodi na kukatwa katikati.

"Shhh! Taulo hulioni? Mwanangu yuko kazini."

Chiriku akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. *Yuko kazini.* Akarudisha mara nyingine, si kwa sababu hakusikia.

Kichuguu cha pili kilikuwa kiti cha mbao kikivutwa polepole, kikalia karibu kabisa na mlango wa kabati. Cha tatu kilikuwa kikohozi kinachobanwa, nyayo zinazokimbia, kikohozi hichohicho kikilipuka mbali uani, na nyayo zikirudi kwa kunyata. Mahali jogoo alipopanda juu ya kofia ya mpishi, palisikika kicheko cha puani, kidogo, cha mtu anayejizuia. Na baada ya kicheko kile, sauti ya Chiriku mwenyewe ilichangamka. Ilinyanyuka, ikachezacheza, ikaanza kumsimulia mtu. Masikio yake yalikuwa yamesikia kitu ambacho yeye hakujua amekisikia.

Alivua vipokea sauti, akaituma rekodi kama ilivyo, bila kukata chochote. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile mlikuwa na furaha kubwa isiyojua pa kukaa.

Jioni mzee aliporudi alikuta chai imeshaandaliwa.

"Vipi huko?"

"Kuzuri, Baba. Watu wazuri." Chiriku akammiminia chai. "Hivi, nikiwa narekodi, huwa unakaa nje ya kabati?"

Mzee akajikuna shingo. "Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe. Umo kwenye rekodi. Na kikohozi chako."

"Kikohozi nilikwenda nacho uani!"

"Kilisikika kikienda."

Mzee akashindwa, akaketi. "Sasa ningefanyaje? Jirani yule akianza salamu, si utarekodi salamu mpaka jioni? Nikaona nichunge mlango. Asubuhi nikikuuliza kama hutoki, ni ili nijue kama nina zamu au niende zangu kwenye karata."

"Mimi nilidhani unanisuta."

"Nikusute kwa lipi?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Unaingia mule mkavu, unatoka umelowa kuliko nilivyolowa mimi mbele ya mitambo. Kama hiyo si kazi, basi hata mimi sikuwahi kufanya."

Chiriku alitazama pembeni, akajifanya anatafuta kijiko.

"Na viatu je?"

"Viatu vilikuwa vichafu." Mzee akanywa chai funda moja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Halafu ya kudumu ni ya kudumu, mwanangu. Mtu akiugua anatibiwa. Mimi sikutaka nikuvute shati kwa ajili ya mambo yangu ya mlangoni."

"Mambo gani?"

Mzee akatazama dirishani. "Yule jogoo," akasema hatimaye. "Mwishowe alichinjwa?"

"Sijui, Baba. Nilikuwa na sura ya kwanza tu."

"Ah," mzee akasema, na masikitiko yake hayakuwa ya mzaha.

Isidhaniwe kwamba Chiriku aliamua palepale. Alipima. Kila alipokumbuka ile meza ya dirishani na vicheko vya saa ya chai, moyo ulimwenda huko. Kisha alikumbuka miezi ya ukame, akasikia ubaridi mgongoni. Baba yake hakumsukuma upande wowote, ila kwenye jambo moja alikuwa mkali: "Kwanza bima, halafu hadithi." Basi Alhamisi, kabla hajajua atasema nini, Chiriku alikwenda akajiandikisha kwenye bima ya watu waliojiajiri. Alipotoka na kadi mkononi akagundua kwamba anatembea kwa hatua nyepesi, akaelewa kuwa jibu analo.

Ijumaa akapiga simu. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilihisi," akasema. "Fundi amewasikilizisha ofisi nzima ile rekodi. Huyo mzee naye anataka ajira?"

"Ana ajira tayari."

Mkurugenzi akacheka, kisha akaacha. "Unajua nafasi hii siwezi kukuwekea. Atakuja mtu mwingine."

"Najua," Chiriku akasema, na ilimchoma kweli, maana alikiona kile kikombe kipya. "Lakini nitumie kitabu cha jogoo nikisome huku, chote. Ukiridhika, nitumie na kingine."

"Nitakutumia. Kikohozi mkikate lakini."

Jumatatu mzee alikuwa sebuleni, shati amechomekea.

"Leo huendi popote?"

"Siendi, Baba."

"Haya," mzee akasema, akaimaliza chai yake harakaharaka, akasimama.

Chiriku alivaa viatu vilivyong'arishwa, ingawa safari yake ilikuwa ya kuingia kabatini. Akatundika taulo jekundu kwenye kitasa cha mlango wa nje, akaingia kabatini, akasogeza makoti, akakaa, akafungua sura ya pili. Nje ya mlango kiti cha mbao kililia, kisha kikatulia. Akaanza kusoma. Mpishi alikuwa ameamka na kisu mkononi, na jogoo hakuonekana. Alipofika mwisho wa aya, pale ambapo msomaji huvuta pumzi moja tu akaendelea, Chiriku alinyamaza, akangoja muda wa kumtosha mtu kwenda uani na kurudi.