Njia ya Ukutani

"Bibi, njia imekua tena," mjukuu alisema, kidole chake kikiwa ukutani.

Bibi alisogea na kopo lake la masizi. Kweli. Jana njia aliyoichora iliishia kwenye kwato za ng'ombe wa pichani. Leo mstari mwembamba ulikuwa umempita ng'ombe, ukishuka kuelekea kitanda cha mtoto.

Alianza kuchora uzeeni, magoti yalipokataa jembe. Hakufundishwa na mtu. Alitafuna kijiti mpaka kikawa brashi, akasaga udongo mwekundu, akamwomba Mungu amshike mkono. Ukuta wa chumba hiki ulikuwa na ufa. Badala ya kuuziba, aliugeuza njia. Majirani wakaja kutazama, wakamwita fundi, yeye ambaye maisha yote aliitwa "wewe mama". Kila ufa uliporefuka, alirefusha njia na kupanda miti kandokando.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili.

Mkwewe alichungulia, ndoo mkononi. "Mama, mbona ukuta umevimba kama shavu la mwenye jino bovu?"

"Unyevu tu, mwanangu."

"Mume wangu akiuona atachukua sururu aubomoe. Unamjua."

"Basi asiuone."

Mkwe akacheka. "Haya, fundi. Nyumba ni yenu, mimi nilikuja na sanduku tu."

Alipoondoka, Bibi aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi. Ndani yake kitu kilisikika taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga. Chini zaidi, karibu na kitanda, alikuwa amemchora mjukuu na mpira wake. Alichovya kijiti ili aifikishe njia miguuni pake, lakini kabla hajagusa, chembe ya udongo ilidondoka ndani ya kopo. Mstari ulikuwa umemtangulia.

"Mungu wangu," alinong'ona, "nilikuomba mkono. Ukuta sikuuombea."

Akaweka kopo chini.

"Chukua mto wako. Leo unalala kwangu."

"Na picha, Bibi?"

Bibi alimshika bega, akamtoa nje, akaita kuelekea jikoni, sauti ikikwaruza: "Mwanangu, mwite mumeo. Mwambie aje na hiyo sururu."

Mtoto aligeuka mlangoni. Njia ilikuwa imefika kwenye miguu ya mtoto wa ukutani, na mpira wake ulikuwa umepasuka katikati.

"Bibi," alisema, "inakuja."

Mvua ikazidi.