Hana Jambo Tena

Kaka yangu alikuja kunifariji, na alikuja amejiandaa. Kabla hajakaa alikuwa ameshaniambia kwamba Mungu hakosei, kwamba mume wangu amepumzika, na kwamba machozi yakizidi ni kugombana na Muumba. Yeye ni mwalimu wa dini, ana sauti nzito ya kuhubiri, na chumba changu cha mbele ni kidogo. Sauti ile haikuwa na pa kwenda ila masikioni mwangu.

Humo ndimo kazini kwetu. Dirishani ipo cherehani yangu. Ukutani ipo meza ya mume wangu, fundi redio, vilevile ilivyokuwa siku aliyoinama kuokota bisibisi na asiinuke tena. Redio za watu bado zimelala pale, migongo wazi, nyaya nje. Kaka alisukuma mojawapo ili apate pa kuweka kofia yake. Niliinuka nikairudisha mahali pake, na kofia nikampa mwenyewe aishike.

Dini ilipokwisha zikaja habari za nyumbani. Ng'ombe wa mjomba kazaa pacha. Binti wa shangazi kapata mchumba, mrefu hadi anainama mlangoni. Wifi yangu, mkewe, kaanza kufuga kuku, na majogoo hawamlazi mtu. Alizimwaga habari hizo kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Nikamkatiza, nikauliza habari za mama.

Mama anakaa kwa huyu kaka. Mguu unamsumbua, hakuweza kuja kuzika, hilo nililielewa. Lakini hata simu? Kila nikipiga naambiwa amelala. Mama yangu, ambaye hajawahi kulala mchana tangu nimjue!

Kaka akashusha sauti. Akasema mama hajaambiwa.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza kwamba moyo wa mama ni dhaifu, kwamba mkwe wake alimpenda kama mtoto wa kumzaa, na kwamba habari hiyo ingemmaliza. Wakubwa wa familia wamekubaliana. Ila sasa mama amewashinda, anataka kuongea na mimi, na wifi atamsaidia kunipigia simu leo hii. Kinachotakiwa kwangu ni kidogo tu: akiuliza kama mkwe wake hajambo, niseme hajambo.

Damu ilinichemka. Mume wangu kaoza ardhini, nami nimsalimie kwa niaba yake! Tena anayeniomba ni nani? Ni huyuhuyu aliyenishtaki kwa baba nilipolamba sukari nikakana. Alisimama pembeni nikichapwa, akisema uongo ni dhambi hata ukiwa wa kijiko kimoja. Nikamkumbusha sukari ile.

"Huu si uongo, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Hajambo maana yake nini? Hana jambo. Aliyekwenda kwa Mola wake hana njaa, hana maradhi, hana mteja wa kumsumbua. Hana jambo tena. Ukisema hajambo, umesema kweli tupu."

Alifurahi mwenyewe jinsi neno lilivyomtoka vizuri. Nilimwona kabisa akiliweka akiba kwa mahubiri yajayo. Nikamwambia sarufi yake akamfundishe jogoo wa mkewe.

Simu ikalia. Kaka akanitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba anaogopa kweli. Anampenda mama. Hilo nalo liliniudhi, maana lilinipunguzia haki ya kumchukia. Na je, mama akianguka baada ya kusikia kutoka kinywani mwangu? Ningebaki na hilo maisha yangu yote.

Nilimwamkia mama, akaitikia, akaanza kama aanzavyo siku zote. Mimi sijambo? Sijambo. Majirani hawajambo? Hawajambo. Cherehani haijambo? Huo ni utani wake wa miaka mingi, nikasema haijambo. Baada ya cherehani hufuata mkwe wake, haijawahi kuwa vingine. Nilishika ukingo wa meza. Mama akauliza kama kwetu mvua imenyesha.

Alikuwa amemruka.

"Mama," nilisema, "mbona hujamuuliza mkwe wako?"

Nikasikia kuku wa wifi, kisha mlango ukifungwa.

"Redio yangu imenyamaza," alisema taratibu. "Nilimtuma kaka yako amwambie. Mkwe wangu hajawahi kuiacha redio yangu ikae bubu. Angenipigia siku ileile, anielekeze nikaze betri, niipige kofi ubavuni. Hakupiga. Nikajua." Akavuta pumzi. "Nalilia bafuni, nafungulia maji. Usimwambie kaka yako. Moyo wake ni dhaifu, na amejitahidi sana kunificha."

Nilimtazama huyo mwenye moyo dhaifu, ameketi na kofia yake mapajani akisubiri neno lake moja. Kumbe mama alikuwa akilia peke yake kwenye maji, na mimi peke yangu kwenye cherehani, kwa ajili ya mtu mmoja, kwa sababu wakubwa walikaa wakakubaliana. Hasira iliyonipanda sijawahi kuijua. Nikabonyeza spika, nikaiweka simu kwenye meza ya fundi, katikati ya redio zake.

"Mama, niulize kama unavyoniuliza siku zote."

"Mwanangu..."

"Niulize, mama."

Sauti yake ilikuja nyembamba, ikajaa chumbani. Kaka akainua uso.

"Mkwe wangu hajambo?"

"Ana jambo, mama," nilisema. "Amekufa."

Tukalia wote wawili kwa sauti, mtu na mama yake, na safari hii hakuna aliyetuambia tunyamaze.