Kikombe Chekundu cha Ursula

Adventina alivua viatu, akavua koti, akavua hata saa ya mkononi iliyosimama tangu Pasaka, kisha akapanda kwenye mizani na kufumba macho. Alipoyafumbua, muuguzi Paskazia alikuwa ameinama anaisoma namba kwa mara ya pili. Muuguzi akisoma namba mara mbili, ujue hakuna jema.

“Mama Emmanuel, shuka, upande tena.”

Akashuka, akapanda tena. Kilo tisini na tisa. Mwezi mmoja na nusu uliopita, siku daktari alipompa sharti, zilikuwa tisini na sita.

Sharti lenyewe lilikuwa fupi. Adventina alikuwa na ngiri kitovuni, imekaa pale tangu uzazi wa mwisho, na kila akiinama na jembe inachomoza na kumuuma mpaka anaona giza. Daktari alikubali kumpasua, ila si kwenye tumbo zito namna ile, maana nyuzi zitafumuka. Ateremke hadi themanini na nane. Daktari huyo hufika Gitega mara chache tu kwa mwaka, na zilibaki wiki sita aje. Akimkosa safari hii, msimu mwingine utapita na shamba la Mutaho litazidi kuwa pori.

Na shamba lile halikuwa la kuachia pori. Familia yake ililisubiri miaka kumi na sita, wakiwa wakimbizi kambini Tanzania. Waliporudi Burundi walikuta mtu mwingine kalipanda migomba, ikawa ni vikao na mashahidi miaka mitatu mingine hadi wakalipata. Leo Nazario, mumewe, analima peke yake, na Adventina anakaa mlangoni anatazama magugu yakipanda, hawezi kuinua hata ndoo ya maji. Alichoka kukaa. Watu hudhani kukaa ni kupumzika, waulize waliokalishwa.

“Sasa we iko nakula nini?” Paskazia akauliza.

“Chakula cha afya kitupu, kama mlivyosema. Ugali nimeacha. Chapati nimeacha. Fanta siijui.”

Hakusema uongo. Kwenye arusi ya mtoto wa shemeji yake alikaa na chupa ya maji tangu mwanzo hadi mwisho, watu wakadhani ameokoka upya.

“Asubuhi nakula nini?”

“Uji wa lishe.”

“Na mchana?”

“Uji wa lishe. Na parachichi moja.”

“Moja?”

“Moja na nusu.”

“Na mangaribi?”

“Uji. Lakini wa jioni natia asali. Sukari siweki kabisa.”

Paskazia akaweka kalamu chini. “Huo uji iko na nini ndani?”

Hapo Adventina akajiweka sawa kwenye kiti, maana kwa uji ule alikuwa na la kujivunia. Soya, mahindi, karanga za kukaanga, na maziwa ya unga. Mdogo wake Ursula anausaga mwenyewe Muyinga na kumtumia kwa basi kila wiki mbili. Ni uji uleule wa zahanati ya kambini, wa wagonjwa.

“Mungu wangu,” Paskazia akasema, na wala hakucheka. “Mama Emmanuel, ile bouillie, huo uji, walikuwa napatia batoto wenye walikonda, juu wanenepe. Haikukuwa ya kupunguza, ilikuwa ya kuongeza! Karanga, soya, avoka, asali, vyote ni bizuri, mi sikatae. Lakini bikombe bitatu kila siku, na we umekaa tu, haulime? Unajinenepesha na heshima yote.”

Adventina alivaa viatu vyake polepole. Angemweleza nini msichana huyu aliyezaliwa na kukulia hapahapa mjini, mtaa wa Nyamugari? Kambini chakula kilikuwa cha namna mbili. Kulikuwa na mgao, mahindi na maharage, chakula cha kila mtu. Na kulikuwa na kile cha zahanati, kilichopikwa na watu wa makoti meupe, kikitolewa kwa kadi, kikombe kwa kikombe, mbele ya macho yao. Hicho hukukiita chakula, ulikiita tiba. Daktari alipomwambia ale vya afya, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye hema la zahanati ile. Ingekwenda wapi kwingine?

Kuacha uji kulikuwa jambo jepesi. Kumwambia Ursula ndiko kulikomshinda. Alipiga simu siku hiyohiyo.

“Dada! Umekwisha?” Ursula akadakia. “Kesho natuma mwingine. Nimeongeza karanga.”

“Asante, mdogo wangu,” Adventina akajibu, akakata simu, akajichukia.

Kifurushi kilifika, akakitazama siku mbili. Siku ya tatu akaupika, maana kutupa unga wa Ursula aliona ni sawa na kumtupa Ursula mwenyewe. Ndipo akajua kwamba simu haitafaa kitu. Akapanda basi la Muyinga kwa njia ya Karuzi, tumbo amelifunga kwa kitenge, kila shimo la barabara likimkumbusha ngiri yake.

Njiani alikuwa na muda wa kuwaza, na alichowaza ni kitu alichokikwepa miaka yote.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, Ursula minne. Mama yao alikuwa mgonjwa, hainuki. Kila asubuhi Adventina alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka kwenye hema, wakapewa kikombe chekundu cha plastiki, wakakaa mwisho kabisa wa benchi. Ursula alikuwa mifupa na macho. Kwao Burundi anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, ndipo akupe, ujue ni salama. Basi Adventina alikuwa akisema, “Ngoja nikuonjee kwanza.” Akaonja. Ule uji ulikuwa wa moto na mtamu, naye alikuwa na njaa ya mtu mzima. Alionja mpaka nusu ya kikombe. Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na wiki nne mfululizo, huku wenye makoti meupe wakishangaa kwa nini uzito wa mtoto hausogei kwenye kadi.

Ursula hakufa. Siku moja Adventina aliona aibu, au aliogopa, hata leo hajui ni lipi, akaacha. Kadi ikasogea. Na kwa miaka yote hii Ursula anatangaza kanisani, sokoni, kila mahali: dada yangu ndiye aliyeniokoa, alinibeba mgongoni. Kila akisikia hivyo Adventina huinamisha kichwa, watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Mtu wa namna hiyo anaukataa vipi uji wa Ursula?

Alimkuta uani anachekecha unga. Nyumba nzima ilinukia karanga. Ursula alikuwa mwembamba kama kawaida yake, mwepesi wa miguu na wa maneno. Akamkumbatia, akamkalisha, akampa mto wa mgongo, akauliza habari za Nazario na za watoto, na kabla hajajibiwa akawa ameingia jikoni. Alirudi na kikombe chekundu cha plastiki. Si kile cha kambini, lakini wekundu ulikuwa uleule, lazima alikitafuta.

Akapiga funda moja kama ilivyo desturi, kisha akakitoa kwa mikono miwili. “Kunywa, dada. Safari ndefu.”

Adventina alikipokea. Mvuke ulimpanda usoni. Akakiweka magotini, na chozi likamtoka kabla hajasema neno, akajionea hasira, mwanamke wa miaka arobaini na miwili analia juu ya uji.

“Ursula, uji huu unaninenepesha.”

“Si ndiyo kazi yake?”

“Daktari anataka nipungue ndipo anipasue. Nimeongezeka kilo tatu. Nilidhani ni dawa. Zimebaki wiki tano, na nisipopasuliwa, shamba...”

Ursula alikaa chini mkekani. “Ulikuwa unasubiri nini kuniambia?”

“Niliona nitakuvunja moyo.”

“Moyo wangu unavunjwa na uji?”

Basi Adventina akajikaza, akatapika lote. Hema, benchi, nusu ya kikombe, kadi iliyogoma wiki nne. Alisema akiwa anatazama unga kwenye ungo, maana uso wa mdogo wake hakuweza kuutazama. Alipomaliza alikuwa amechoka kama aliyelima tangu alfajiri.

Vidole vya Ursula vilichezea ukingo wa mkeka.

“Nilikuwa nakuona, dada,” akasema. “Nilikuwa mdogo, sikuwa kipofu. Nilijua una njaa.”

“Mbona hukulia? Mbona hukusema kwa mama?”

“Ungeacha kunibeba.”

Adventina alifunika uso kwa kitenge. Miaka yote hiyo alijidhania mwizi aliyefichika, kumbe mwenye mali alikuwa macho.

“Na mimi huku,” Ursula akaendelea, “kila nikisaga nasema, huu ni wa Adventina, anywe kikombe kizima, asimwonjee mtu. Sikuuliza kama una njaa. Nilikuwa nalisha yule msichana wa kambini, na yule alishashiba zamani.”

Akanyoosha mikono, akakichukua kikombe kutoka magotini mwa dada yake.

“Kwa hiyo lete hapa,” akasema. “Ngoja nikuonjee kwanza.”

Akaonja. Adventina akasubiri akishushe, lakini Ursula hakukishusha. Alikunywa taratibu, kichwa kikirudi nyuma, macho yake juu ya dada yake, mpaka kikombe kikabaki kitupu. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja, akainuka kwenda kumchumia dada yake mboga.