Kitobo cha Sindano

Haya, mnitegulie hili kabla sijaendelea: nyumba yangu ina pande mbili, pacha watupu, ukiigeuza, hata aliyeizoea hajui. Ni nini? Msihangaike kutazama paa. Ni ubongo, wa panya na wako wewe pia.

Sasa Chaitra, binti wa maabara moja pale Mysuru, aliijua nyumba hiyo kuliko chumba chake mwenyewe. Alikuwa akijaribu dawa ya kiharusi. Kila panya alisababishiwa kiharusi pande zote mbili, kisha akatiwa dawa upande wa kushoto wa ubongo, kulia kukaachwa hivi hivi. Kisha ubongo ukakatwa vipande vyembamba, vikapigwa picha, na kompyuta ikazilaza picha juu ya ramani ya ubongo wa panya, ikahesabu chembe hai mtaa kwa mtaa. Kushoto zikakutwa tele, kulia, haba. Dawa inaponya! Madaktari walikuwa wameshaketi ukumbini, wanasubiri neno la Profesa, mkuu wa maabara, tu waanze kuwapa wagonjwa.

Chaitra alikuwa anachagua picha nzuri ya kuwaonyesha. Akaikuza. Akaiangalia tena.

Maabara ile ina desturi: kabla ya kukata, upande usio na dawa huchomwa sindano, kitobo kidogo tu, usije ukachanganywa. Na hukata kuanzia mbele, kwa sababu ukianzia nyuma, kushoto kunaonekana kulia. Kitobo kilitakiwa kiwe kulia. Kilikuwa kushoto. Akafungua picha nyingine. Kushoto. Na nyingine. Kushoto! Kompyuta haikushtuka, itashtuka nini, na pande za ramani ni pacha?

Aliyechoma na kukata alikuwa Revathi, aliyehamia kutoka maabara ya mji mwingine. Alikuwa mezani pake, anakula wali wa mtindi.

"Dada Revathi, kitobo ulichoma upande gani?"

"We mtoto! Hata achari sijaonja, ushaniletea habari za sindano?"

"Sitanii, dada. Upande gani?"

Revathi akaitazama picha. Tonge likabaki mkononi.

Profesa Hemalatha akachungulia mlangoni, kavaa sari yake ya shughuli. "Nyie vipi? Wageni wananimalizia kahawa huko!"

Chaitra akamweleza. Kama Revathi alikosea akachoma kushoto, picha ziko sawa na dawa ni dawa. Kama alichoma kulia, picha zimegeuka: chembe zilizokufa ndizo zilizotiwa dawa, na hiyo si dawa tena, ni sumu.

"Basi si alikosea kuchoma tu," Profesa akasema upesi. "Au siyo, Revathi? Ulikuwa na mambo mengi siku zile. Sema kushoto, twende zetu."

Revathi angeitikia tu, nani angejua? Na jina lake lilikuwa kwenye kazi hiyo, chini ya la Chaitra. Chaitra mwenyewe, ambaye ndiye aliyeuliza, moyoni alikuwa anaomba: sema kushoto, dada yangu, sema kushoto. Halafu akawakumbuka wale madaktari, na wagonjwa wao vitandani, akaona haya.

"Nakuuliza mimi sasa," Profesa akasema. "Upande gani?"

Revathi akalirudisha tonge bakulini.

"Kulia, Profesa. Kuchoma sikukosea. Nilikosea kukata. Kule nilikotoka tunaanzia nyuma, na mkono wangu ukaenda kulekule ulikozoea."