Tulikubaliana Kutoitana

Alipotea Jumanne, saa nne asubuhi, maji yakianza kujaa.

Mimi na mume wangu tulikuwa na mashua ndogo ya tanga, na kwa miaka sita tulizunguka nayo visiwani kuangalia ndege. Siku hiyo tulitia nanga mbele ya kisiwa kisichokaliwa na mtu, tukashuka kwa boti la mpira. Membe walikuwa wanaatamia, kila mmoja na yai lake moja juu ya mchanga mtupu. Tukafuata sheria yetu: penye viota hatuitani. Membe akishtuka huruka, na yai likipigwa na jua lile kidogo tu, limekwisha. Huwa tunaongea kwa mikono.

Kabla hatujafika kwenye viota alininong'oneza, "Nazunguka lile jabali mara moja. Dakika mbili, mke wangu."

"Dakika zako mbili nazijua. Zina watoto na wajukuu."

"Basi nitakusalimia wajukuu," akasema, akaniachia darubini.

Nilikaa kwenye kivuli cha kichaka. Baada ya muda membe wa upande wa pili wa jabali wakaruka wote kwa pamoja, kama shuka lililokung'utwa. Nilikasirika. Nikajisemea, huyu leo kawa mzembe, na yeye ndiye anayenikaripia mimi nikipiga chafya. Ndege walizunguka juu wakipiga kelele, kisha wakatua mmoja mmoja. Kukawa kimya. Nikafurahi kwamba wametua. Hilo nisije nikalisahau: nilifurahi.

Nikangoja. Nilinyoosha mkono juu, ishara yetu ya kurudi, ingawa hakuwa mahali pa kuniona. Maji yalifika kwenye boti, nikalivuta. Yakafika tena, nikalivuta tena. Jina lake lilinijia mdomoni nikalimeza, kwa ajili ya mayai.

Saa sita nilizunguka jabali. Nyayo zake zilipita katikati ya viota, hakuna hata yai moja lililokanyagwa, zikaishia kwenye mwamba uliokuwa unapandwa na mawimbi. Hapo ndipo nilipomwita. Nilimwita kwa sauti yangu yote, na ndege wa kisiwa kizima wakaruka, mayai yakabaki wazi juani. Niliendelea kuita mpaka koo likakauka.

Jioni mlinzi wa visiwa alikuja na boti lake. Akaniuliza, kwa upole, "Mama, hukusikia mtu akipiga ukelele?"

"Nilisikia ndege," nikamwambia.



Walimtafuta siku tano, wakaacha. Wifi yangu anafika Ijumaa kunisaidia kuirudisha mashua nyumbani, na mimi ndiye ninayekwenda kumpokea.